Je, Hoteli Inaweza Kukukatia Hotspoti?

Uko kwenye semina hotelini Nakuru. Unawasha hotspoti ya simu, laptopu inashika, halafu inakatika. Tena na tena. Pale mapokezi unaambiwa ununue Wi-Fi yao. Je, wana haki?

Wi-Fi yao ni yao: wanaweza kuilipisha au kukunyima paswedi. Lakini mawimbi ya simu yako hayawi mali yao eti kwa sababu umekalia kiti chao. Huko Marekani, mwaka wa 2014, kampuni ya Marriott ililipa dola 600,000 baada ya hoteli yake moja ya Nashville kukata hotspoti za wageni. Hapa Kenya, mitambo ya mawimbi iko chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 na inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Malalamiko yako peleka huko, ukitaja saa na mahali.

Na malipo je? Hotspoti ikikatwa, laini yako bado iko hewani. *334# ya M-PESA haihitaji bando wala Wi-Fi. Netiwaki yenyewe ikipotea (wakati mwingine ni kuta nene tu), toka nje, na uangalie salio kabla ya kutuma mara ya pili. Huenda pesa ilishaenda, ni SMS tu imechelewa.