Duaradufu Kichwani mwa Mtoto: Kikokotoo cha Grafu na Tarehe ya Kujifungua

Mama mjamzito anayetoka Ulaya (Ulaya ya Kilosa, si ile ya ng'ambo) kwenda kupimwa ultrasaundi, iwe Kilosa mjini au Mikumi, huwa na swali moja kubwa: nitajifungua lini? Pengine haikumbuki siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Anakumbuka tu kwamba mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Katika wilaya iliyokumbwa na mafuriko ya Mto Mkondoa kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, kujua wiki ya kusogea karibu na hospitali si jambo dogo.

Mimba inapokuwa imekwisha kukua, sehemu ya jibu hutoka katika mlinganyo wanaosoma wanafunzi wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita, yaani mlinganyo wa duaradufu, mmojawapo wa mikato ya koni. Mashine haizungushi utepe kichwani mwa mtoto. Mpimaji huweka alama kwenye picha, mashine ikachora duaradufu juu ya mfupa wa fuvu, kisha ikakokotoa mzingo wake.

Tuchukue kichwa chenye upana wa milimita 80 na urefu, kutoka paji la uso hadi kisogo, wa milimita 100, vyote vikipimwa ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Nusu za vipenyo hivyo ni 40 na 50, na mlinganyo ni x²/2500 + y²/1600 = 1. Kikokotoo cha grafu cha kawaida hakiupokei hivyo, kwa kuwa hutaka y ibaki peke yake. Basi huingizwa vipande viwili: y = 40√(1 − x²/2500) kwa nusu ya juu, na y = −40√(1 − x²/2500) kwa nusu ya chini. Pengine huonekana mwanya mdogo kushoto na kulia, nusu mbili zinapokutana. Mwanya huo ni udhaifu wa skrini tu, kwani mlinganyo wenyewe umefumba. Asiye na kikokotoo hicho (na ni wengi, maana Baraza la Mitihani huruhusu vikokotoo visivyopokea programu tu) atumie GeoGebra, programu ya bure ya simu, inayoupokea mlinganyo mzima ulivyo.

Lipo kosa jingine linalostahili kutazamwa kwa makini. Skrini ya kikokotoo huwa na upana unaozidi kimo. Tuseme upana ni mara moja na nusu ya kimo, nawe umeweka mihimili yote miwili kutoka −60 hadi 60. Duara kamili litaonekana kama yai lililolala. Duaradufu iliyosimama, yenye kimo cha 108 na upana wa 72, itaonekana duara safi. Dawa yake ni kusawazisha vipimo vya mihimili kabla ya kuyaamini macho. Vikokotoo vingi vina amri ya kufanya hivyo.

Nimezichagua 108 na 72 kwa makusudi. Mtoto aliyetanguliza matako, au aliyebanwa kwa uchache wa maji ya uzazi, huweza kuwa na kichwa kirefu chembamba cha namna hiyo. Ukigawa upana kwa urefu unapata asilimia 67, ilhali vichwa vingi huwa kati ya 70 na 86. Mpimaji akitegemea upana peke yake, milimita 8 zilizopungua zitamfanya mtoto aonekane mdogo kwa kiasi cha wiki tatu. Lakini mzingo karibu haujabadilika. Kanuni ya mkato, 3.14 × (upana + urefu) ÷ 2, inatoa milimita 283 kwa vichwa vyote viwili. Kanuni makini zaidi aliyoichapisha Mhindi Srinivasa Ramanujan mwaka 1914 inatoa 284 kwa cha kwanza na 286 kwa cha pili. Ndiyo maana kichwa kinapokuwa na umbo lisilo la kawaida, mzingo huaminiwa kuliko upana.

Hata hivyo, hesabu nzuri haifidii kuchelewa. Kadiri mimba inavyokua, ndivyo watoto wa umri mmoja wanavyotofautiana kwa ukubwa, na karibu na kujifungua makadirio huweza kukosea kwa wiki mbili au tatu hata alama zikiwekwa sawasawa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Tarehe iliyokadiriwa kwa kipimo hicho cha mapema haibadilishwi na kipimo cha mwezi wa nane. Kikionyesha kichwa kidogo kuliko kilivyotarajiwa, linaloulizwa ni iwapo mtoto anakua vema. Kwa hiyo mama aombe tarehe ya kwanza iandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na vipimo vyenyewe kwa milimita, aende nayo popote atakapojifungulia.