Giovanni Sartori na Hesabu ya Vyama

Mtu akiulizwa nchi fulani ina vyama vingapi vya siasa, aghalabu hudhani kwamba jawabu limo katika daftari la msajili, na kwamba kazi yake ni kulifungua daftari hilo na kuhesabu majina mstari kwa mstari hadi chini. Hesabu ya namna hiyo ni sahihi, na haina faida. Daftari halimwambii msomaji ni chama kipi kikitikisika serikali itaanguka, wala kipi kikifutwa kesho hapana atakayetambua ila katibu wake na mwenye nyumba anayemdai kodi ya afisi. Aliyelishika swali hili linaloonekana dogo, akalifanya kuwa msingi wa kazi ya umri mzima, ni Giovanni Sartori, mwanazuoni wa Kiitaliano aliyezaliwa Firenze mwaka 1924 na kufariki Roma mwezi wa Aprili 2017.

Njia iliyomfikisha kwenye fani hiyo haikuwa ya kawaida. Mwezi wa Septemba 1943 Italia iliposalimu amri na majeshi ya Kijerumani kuishika sehemu ya kaskazini na ya kati, serikali ya Mussolini iliyosimamishwa upya chini ya kivuli cha Wajerumani iliwaita vijana jeshini, na adhabu ya asiyeitika ilikuwa kifo. Sartori hakuitika. Tangu Oktoba mwaka huo hadi Agosti 1944, Firenze ilipokombolewa, alikaa amejificha chumbani, na kwa kuwa mtu aliyejificha hana pa kwenda, alisoma: Hegel, Croce na Gentile, vitabu vizito ambavyo kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mlango wazi asingevimaliza. Vita vilipokwisha alijikuta anaijua falsafa kuliko alivyokusudia, na mwaka 1950 akapewa kufundisha historia ya falsafa ya sasa katika Chuo Kikuu cha Firenze. Baadaye, alipoandika kisa cha maisha yake mwenyewe, alikipa jina la mambo matatu: nasibu, bahati na ukaidi.

Ukaidi ulihitajika, kwani ilimu ya siasa katika Italia ya wakati ule haikuwa na kiti chake. Wanasheria waliona kwamba dola ni mali yao, wanahistoria waliona kwamba vyama ni mali yao, na wanafalsafa wa mapokeo ya Croce waliidharau kila ilimu iliyodai kuwachunguza watu kwa hesabu na kulinganisha. Katika kitivo cha Cesare Alfieri, hapo hapo Firenze, Sartori alipigania somo hilo lifundishwe kwa jina lake na kwa kaida zake, akalipata, akalea wanafunzi walioeneza fani hiyo katika vyuo vingine vya nchi, na mwaka 1971 akaasisi jarida la Kiitaliano la ilimu ya siasa. Mwaka 1976 alihamia Stanford, Marekani, kisha mwaka 1979 akaenda Columbia, New York, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 1994. Kitabu chake kikubwa juu ya vyama na mifumo ya vyama kilitoka katika mwaka ule ule aliohama.

Ndani ya kitabu hicho mna kanuni mbili za kuhesabu. Ya kwanza yasema kwamba chama, hata kiwe kidogo namna gani, kihesabiwe ikiwa kinahitajika, au kimepata kuhitajika, ili serikali ya mseto ipate wingi wa viti. Na kinyume chake, chama chenye wabunge wengi kuliko hicho kinaweza kuachwa nje ya hesabu ikiwa hakuna serikali inayokihitaji. Ya pili ni kwa ajili ya vyama visivyoalikwa serikalini abadan: hivyo navyo vihesabiwe ikiwa kuwako kwao kunawalazimisha wengine wabadili mwendo, wakatae washirika waliotaka kuwakubali au wakumbatie wasiowapenda. Italia yenyewe ilimpa mifano. Chama cha Kikomunisti, kilichopata zaidi ya asilimia 34 ya kura mwaka 1976, hakikuwa na waziri hata mmoja tangu kilipotolewa serikalini mwaka 1947, walakini hapana hatua iliyopigwa Roma bila ya kutazamwa upande wake. Ama Chama cha Jamhuri, kilichokuwa na kiasi cha asilimia tatu tu ya kura, mwaka 1981 kilimtoa Waziri Mkuu, Giovanni Spadolini, ambaye naye alikuwa mwanahistoria wa Firenze na mwalimu wa kitivo kile kile cha Cesare Alfieri.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda Roma kutafuta ushahidi. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, ASP ilipata viti 10, ZNP viti 9, na ZPPP, chama cha watu wa Unguja na Pemba, viti 3. Na katika Chake Chake mshindi alimzidi mwenziwe kwa kura moja. Watatu wale wa ZPPP ndio walioshika mizani, lakini hawakukubaliana wao kwa wao: wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, na serikali haikuundwa. Ukaitishwa uchaguzi wa pili mwezi wa Juni, kikaongezwa kiti cha 23 ili sare isijirudie, na siku za uchaguzi ule zikaandamana na fujo zilizoua watu 68. ASP ikapata 10, ZNP 10, ZPPP tena 3. Safari hii watatu wale walisimama pamoja upande wa ZNP, na Mohammed Shamte, kiongozi wa chama kilicho kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi, na hatimaye Waziri Mkuu wa Zanzibar iliyopata uhuru Desemba 1963. Mwenye kuhesabu kwa daftari angesema chama chake ni cha tatu. Kwa kanuni ya kwanza ya Sartori, kilikuwa ndicho chama ambacho bila yake hapana serikali.

Kadhia ya Zanzibar inafungua mlango wa pili wa maarifa haya, yaani namna kura inavyogeuzwa kuwa kiti. Mwezi wa Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, na viti 13 kati ya 31. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, wakaunda serikali wao. Hapana haja ya kudhani wizi ili kulieleza jambo hili. Katika utaratibu tuliorithi kwa Waingereza, kila jimbo lina kiti kimoja na mwenye kura nyingi hukitwaa chote, hivyo chama kinachoshinda majimbo yake kwa maelfu na kushindwa mengine kwa mamia hupoteza kura katika pande zote mbili: kule zimezidi, huku hazikutosha. Waingereza wenyewe walionja dawa yao mwaka 1951, pale Labour ilipokusanya kura milioni 13.9 na Conservative na washirika wake milioni 13.7, lakini viti vikawa 295 kwa Labour na 321 kwa wapinzani wao, na Churchill akarudi madarakani.

Mwaka huo huo Mfaransa Maurice Duverger alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya vyama vya siasa, akatangaza kwamba utaratibu wa jimbo la kiti kimoja huelekea kuzaa vyama viwili, kwa sababu mbili zinazosaidiana: hesabu yenyewe hukinyima chama cha tatu viti, na mpiga kura, akiisha kuliona hilo, huona uchungu kuitupa kura yake na kumhamia mmoja wa wale wawili wenye matumaini. Wengi waliipokea kama sheria ya maumbile. Sartori alimheshimu Duverger, lakini hakuikubali sheria ile katika sura yake. Alisema kwamba taathira hiyo hufanya kazi ndani ya jimbo, na ili ienee nchi nzima sharti pawe kwanza na vyama vilivyojengeka, vyenye mizizi toka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Pasipokuwa na vyama vya namna hiyo, kila jimbo litakuwa na wawili wake, na wawili wa kaskazini wasiwe wawili wa kusini. Atazamaye India, yenye utaratibu wa Kiingereza na vyama vya kila jimbo na kila lugha, ataona nani alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Jambo jingine alilolishikilia, na kwa rai yangu ndilo litakalodumu kuliko yote, aliliandika katika makala ya mwaka 1970: kwamba wasomi wa kulinganisha nchi, kwa kutaka istilahi zao zifae ulimwengu mzima, wamezinyoosha mpaka zimekuwa kama kanzu iliyoshonwa imtoshe kila mtu, isimkae hata mmoja. Kwa mizani hiyo aliviita vyama vingi vya Afrika mpya kuwa ni vyama nusu, vilivyo katika hali ya kimiminika, visivyofaa bado kuwekwa safu moja na vile vya Ulaya. Tahadhari ile ilikuwa ya haki. Hukumu yenyewe ilikuwa ya haraka. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, chama kikiwa kimoja, TANU, wagombea wawili wa chama hicho hicho walisimamishwa katika majimbo mengi, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na wapiga kura wakamwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Jambo lile halikuwa ushindani wa vyama, wala halikuwa ule ukimya wa chama kimoja uliokuwa ukionekana Ulaya ya mashariki. Lilistahili kisanduku chake peke yake.

Kwao Italia, Sartori alikuwa pia mwandishi wa gazeti, na hapo ndipo Waitaliano wa kawaida walipomfahamu. Mwaka 1993, rushwa za Milano zikiwa zimekwisha kuviangusha vyama vya zamani, ilitungwa sheria mpya ya uchaguzi iliyotoa robo tatu ya viti kwa majimbo na robo kwa uwiano. Mtungaji wake aliitwa Sergio Mattarella, ambaye baadaye amekuwa Rais wa nchi, na Sartori akaibandika sheria hiyo jina la kejeli lenye mkia wa Kilatini, Mattarellum. Ile iliyofuata mwaka 2005, ambayo mtungaji wake, Roberto Calderoli, alikiri mwenyewe kwamba ni uchafu wa nguruwe, aliiita Porcellum. Sheria hii ilimzawadia mshindi viti 340 kati ya 630 vya baraza la wabunge, hata azidi kwa kura chache. Mwaka 2006 muungano wa Romano Prodi ulizidi kwa kura zipatazo 25,000 kati ya milioni 38. Mwaka 2013 muungano wa mrengo wa kushoto ulizoa zawadi ile kwa chini ya asilimia 30 ya kura, na wa Berlusconi ukafuata nyuma yake kwa chini ya nusu ya asilimia. Mahakama ya Katiba iliitangua zawadi hiyo muda si mrefu baadaye, na Sartori, aliyekwisha kuandika makala kwa makala kuilaani, alikuwa na umri wa karibu miaka tisini.

Yeye alitaka Italia ichukue uchaguzi wa duru mbili kama wa Wafaransa, hakusikilizwa. Miezi michache baada ya kufa kwake bunge lilipitisha sheria nyingine, inayochanganya majimbo na orodha za vyama, iliyopendekezwa na mbunge Ettore Rosato, na magazeti, bila ya kungoja idhini ya mtu, yakaiita Rosatellum.