Paka Akojoapo Godoroni Si Mtundu

Askari apewapo uhamisho, vyombo hufungwa, watoto hupandishwa lori, na paka hutiwa kikapuni. Siku chache baadaye, katika nyumba ngeni, paka yule aliyekuwa na adabu huanza kukojoa godoroni au kando ya jiko. Mara nyingi hupigwa na kutupwa nje. Adhabu hiyo si ya haki, tena huuzidisha ugonjwa wenyewe.

Paka ni mnyama wa mazoea, na nyumba yake huijua kwa harufu. Hofu imjaapo, kibofu chake cha mkojo huweza kuvimba na kuuma hata pasipo kijidudu chochote. Ndiyo maana sindano za kuua vijidudu, ambazo wengi huzikimbilia, kwa kawaida hazimfai kitu. Mgonjwa hutaka kwenda haja kila mara, huchutama kwa muda mrefu akitoa matone machache, hulia, hujilamba mno, na pengine mkojo huwa na damu.

Ipo hali moja isiyongoja kesho. Paka dume ajikazaye bila kutoa hata tone, yamkini njia yake ya mkojo, iliyo nyembamba kuliko ya jike, imeziba. Uchafu ambao ungetoka kwa mkojo hubaki damuni, na aweza kufa kabla ya siku tatu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Wako wadhanio amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Huko ni kupoteza saa za thamani. Wala asipewe parasetamoli ya watu, kwani tembe moja tu yaweza kumwua.

Asiyezibwa kwa kawaida hupata nafuu kwa muda wa wiki moja, lakini ugonjwa huu hupenda kurudi. Hapo kazi ni ya nyumbani. Mwaka 2006 Profesa Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na wenzake walieleza habari za paka 46 ambao wenyewe walielekezwa kurekebisha maisha ya nyumbani. Katika miezi kumi dalili zilipungua sana.

Baada ya kuhama, basi, paka akae kwanza katika chumba kimoja kilicho kimya, pamoja na tambara lake la zamani lisilofuliwa. Beseni la mchanga liwekwe mbali na chakula na kusafishwa kila siku; paka wawili wahitaji mabeseni matatu. Maji yawe mengi, na chakula kilowekwe kwa mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu. Watoto wakatazwe kumvuta mkia, ingawa wachache hutii. Kikapu alichosafiria kiachwe wazi pembeni: usiku wa kwanza huenda akalala humo humo, naye asitolewe.