Tunaenda Bruxelles kuuliza ordinatere inahesabu saa zetu namna gani

Sisi watu wa migodi hatujazoea kuzungumuza juu ya mikutano ya wale wanaoandika programu za ordinatere. Mikutano yetu ni chini ya muti, karibu na geti, siku ya mushahara. Lakini siku hizi, kwenye sendika yetu hapa Kolwezi, watu wanaulizana neno moja tu: "Ile safari ya Bruxelles, imefika wapi?"

Mukutano wenyewe unaitwa FOSDEM. Unafanyika kila mwaka karibu na mwanzo wa mwezi wa pili, siku ya posho na siku ya yenga, kwenye Université libre de Bruxelles, pale Solbosch. Ulianza mwaka 2001, na leo maelfu ya watu wanafika. Kuingia ni bure, hata jina hawaandikishe. Ni mukutano wa programu huru, maana yake programu ambazo maandiko yake hayafichwe: kila mutu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadilisha na kumupatia mwenzake. Linux, ile Linus Torvalds alianzisha mwaka 1991, ni moja yao. Simu ya Android munayoshika mukononi inatembea juu yake.

Sasa delege wa mugodi anatafuta nini kule? Sikilizeni.

Mwaka uliopita, wenzetu wa posti ya usiku waliona mushahara unapunguka. Mutu anapitisha baji saa 18, anatoka saa 6 asubui. Lakini kwenye kartasi ya mushahara, saa zote za kisha usiku wa manane zilihesabiwa kama za muchana. Tulienda kwenye biro. Wakatujibu: "Hapana sisi, ordinatere ndiyo inahesabu." Tukaomba watuonyeshe hesabu yenyewe. Wakasema programu imefungwa na wenye kuiuzisha, hata wao hawaone ndani. Tunayo sheria ya kazi ya mwaka 2002, tunaijua. Lakini utabishana namna gani na mashini ambayo hakuna mutu anajua inafanya nini?

Kijana mumoja wa atelye ya umeme, aliyejifunza Python kwa simu yake, alikusanya makaye ambamo wenzake walikuwa wanaandika saa zao. Akaandika programu yake ndogo, akaiweka kwenye ekrani mbele yetu wote, mustari kwa mustari. Baba mumoja wa pompi, ambaye hakumaliza hata shule ya musingi, akainua kidole: "Pale, umesahau siku ya yenga." Kweli alisahau. Akarekebisha palepale. Siku ile tulielewa programu huru ni nini kuliko kama mutu angetufundisha mwaka muzima.

Kampuni ilipoona hesabu ile, ilirudisha saa za miezi mitatu. Miezi mingine tunaidai mpaka leo.

Ndiyo maana tunataka kutuma watu wawili, kijana na delege mumoja. Visa ya Schengen inaomba euro 90, na asurance ya euro 30.000 juu ya magonjwa. Tena kuna ndeke, malazi na makoti ya baridi. Wanachama walichanga, wengine franka kidogo sana. Mama anayetunza sanduku letu alituuliza mbele ya wote: "Batoto bangu, ile mikutano banaikamataka video, banaitia kwenye intaneti. Juu ya nini kulipa ndeke?"

Ana haki. Video ziko, tena kijana amekwisha kuangalia nyingi. Lakini video haijibu mutu. Sisi tunataka kuweka makaye yetu juu ya meza ya wale wanaotengeneza programu za mishahara zilizo wazi, tuwaulize: posti inayovuka usiku wa manane, munaihesabu namna gani? Mufanyakazi anaweza kuona hesabu yake mwenyewe? Kama tukipata kosa, nani atalirekebisha? Woga tunao. Karibu mazungumuzo yote ni ya Kiingereza, na kijana anasikia nusu tu. Lakini watu wa Bruxelles wengi wanasema Kifaransa, na mutu anayetengeneza kitu anapenda kuulizwa juu yake.

Tena Bruxelles hapana muji mugeni kwetu. Union Minière du Haut-Katanga, iliyozaliwa mwaka 1906, ilikuwa na makao yake kule. Wazee wetu walitoa jasho huku, vitabu vya hesabu vikafungwa kule. Leo kobalti ya Congo iko ndani ya betri za ordinatere ambazo watu watakuja nazo Solbosch. Hatuende kuomba sadaka. Tunaenda kama watu waliokwisha kutoa sehemu yao.

Visa haijatoka. Kama wakikataa, feza zinazobaki zitarudi kwenye sanduku, na kijana atatuma maulizo yetu kwa maandishi. Kama wakikubali, siku ya posho ya kwanza kisha kurudi tutakutana chini ya muti. Mama wa sanduku atakuwa na kaye yake, na sisi tutaeleza kila franka na kila jibu. Hesabu ile nayo itabandikwa karibu na geti, kila mutu aisome.