Filamu ya zamani irudiliwe ao iachwe? Tuulize Germinal

Kuko mabishano yenye haiishe kila mara watu wanazungumuza sinema. Kitabu kinapendwa, filamu yake ya zamani inapendwa vilevile. Kiisha mutu anatangaza kama atafanya ile filamu mara ingine, na wachezaji wapya. Wazee wanakataa palepale. Banasema: "Ile ya kwanza ilikuwa ya kweli. Hizi za leo ni rangi na makelele tu." Vijana nao wanajibu kama filamu isiyo na rangi, ya watu wenye walishakufa, haiwaambie kitu.

Nani iko na haki? Sisi tumependa kujibu kupitia kitabu kimoja chenye kinatuangalia sisi watu wa migoti kuliko vitabu vingine vyote: Germinal, cha Mufaransa Émile Zola. Kimefanywa sinema zaidi ya mara moja, na leo tutaangalia mara ine: mwaka wa 1913, 1963, 1993 na 2021. Kama kuko kitabu chenye kinaweza kutufundisha wakati gani inafaa kurudilia, njo hiki.

Mutu wenye alishuka mbele ya kuandika

Mu Februari 1884, wachimbaji wa makaa ya mawe ya Anzin, kule Kaskazini ya Ufaransa, walikuwa mu greve. Zola hakubaki Paris kusoma habari zao mu gazeti. Alienda kule, akaingia mu nyumba zao, akauliza mishahara na bei ya vyakula, akashuka mwenyewe mu mugoti, akaandika kila kitu mu daftari. Kisa kilianza kutoka mu gazeti kidogokidogo Novemba ya ule mwaka, na kitabu kizima kikatoka 1885. Wakati Zola alizikwa, mwaka wa 1902, wachimbaji walikuja Paris kutoka kule Kaskazini kumusindikiza. Walikuwa wanatembea na kupaza sauti neno moja tu: "Germinal! Germinal!"

Kisa chenyewe, watu wetu watakisikia bila mufundishaji. Kijana mumoja, Étienne Lantier, anafika bila kazi, anapata nafasi mu mugoti unaoitwa Le Voreux. Anaishi pamoja na jamaa ya Maheu. Mule ndani, baba anachimba, watoto wanachimba, na babu, wenye wanamuita Bonnemort, anakohoa na kutema mate meusi sawa makaa.

Siku moja kampuni inasema wachimbaji hawasimike vizuri miti ya kushikilia udongo. Inaamua kulipa ile kazi ya miti pembeni, lakini inashusha bei ya kigari kimoja cha makaa kutoka santimu 50 mupaka 40. Ku karatasi, inaonekana sawa vile hakuna kitu kimepunguka. Mu sufuria ya mama Maheu, njo kunaonekana. Creuseur wa Kolwezi ao wa Likasi, mwenye anafikisha mifuko yake ku kipimo na kuambiwa kama teneur iko chini, hana lazima ya kuelezwa ile santimu 10.

Greve inaanza, njaa inaingia mu nyumba, basoda wanaitwa, wanapiga risasi. Maheu anakufa. Ku mwisho, bibi yake, mwenye mu kisa kizima tulimuona akihesabu feza za mukate na kulisha watoto, anashuka yeye mwenyewe chini ya udongo kuzungusha mashini ya upepo, kwa franka moja na nusu kwa siku.

Filamu ine, nyakati ine

Filamu ya 1913 ilifanywa na Albert Capellani, bila sauti. Ile wakati, migoti ya Kaskazini ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu, na wengine wenye waliona greve ya 1884 walikuwa bado wazima. Ya 1963 ni ya Yves Allégret. Ile haikupigwa picha Ufaransa, lakini Hungaria. Ni ya rangi nyeupe na nyeusi, na inamalizika mbele ya saa mbili kutimia. Kitabu kiko na sehemu 7 na vichwa 40. Muko mambo mengi yenye yalibaki inje.

Kiisha ikakuja ile ya Claude Berri, mwaka wa 1993, yenye wengi wanajua. Gérard Depardieu ni Maheu, Miou-Miou ni bibi yake, na mwimbaji Renaud ni Étienne. Renaud hakutoka mbali na ile kisa: babu yake, baba ya mama yake, alikuwa muchimbaji wa makaa kule Kaskazini.

Lakini jambo kubwa ni tarehe. Makaa ya mwisho ya lile eneo ilipandishwa mu Desemba 1990, ku Oignies. Miaka tatu tu kiisha, filamu inatoka. Sehemu yake ilipigwa picha ku Arenberg, ku mugoti wenye ulikuwa umefungwa mu 1989, na wachimbaji wa zamani pamoja na jamaa zao walichukuliwa ili waonekane mu filamu. Wazia: baba anapoteza kazi, mugoti unafungwa, kiisha wanamuita tena avae nguo za kazi ya babu zake, mbele ya kamera. Watu karibu milioni 6 mu Ufaransa waliingia mu sinema kuiangalia.

Mwishowe, mu 2021, televizio ya Ufaransa ilionyesha Germinal mupya, ya David Hourrègue, mu vipande 6. Watoto wenye waliiangalia walizaliwa wakati migoti ya inchi yao ilishakuwa nyumba za makumbusho.

Sasa, kama mu 1963 mutu angesema, "Capellani alishafanya, inatosha," na mu 1993 mwingine akasema, "Allégret alishafanya, inatosha," wale wachimbaji wa Arenberg hawangepata ile siku yao. Hii njo sababu ya kwanza yenye inatufanya tusifunge mulango. Kila kizazi kilikuwa na jambo lake la kuuliza ku kile kitabu. Mu 1913, waliuliza juu ya kazi yenye walikuwa wanafanya. Mu 1993, waliuliza juu ya kazi yenye ilikuwa imekufa.

Wazee hawakosee mu yote

Hata hivyo, tusiwachekelee wale wenye wanaogopa. Kuko sababu ya kuogopa.

Kule Marekani, kitabu cha Robert Louis Stevenson juu ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde kilifanywa filamu mu 1931. Mucheza mukubwa, Fredric March, alipata Oscar juu yake. Miaka kumi kiisha, kampuni ya MGM ilitaka kufanya ya kwake, na Spencer Tracy. Ilifanya nini? Ilinunua haki za ile ya zamani, ikaifungia. Kwa miaka mingi watu hawakuweza kuiona. Vile si kurudilia tena. Ni kuziba mudomo wa mutu wa kwanza ili wa pili asikiwe peke yake.

Uharibifu mwingine ni wa kurudilia filamu pahali pa kurudilia kitabu. Mutu anachukua filamu yenye ilipendwa, anabadilisha nyuso, anaongeza muziki, lakini hafungue kitabu hata siku moja. Hamuulize mutu mwenye alifanya ile kazi. Anachukua nakala ya nakala. Kwa hiyo, wakati wazee wanasema, "Acheni ile yetu," wakati mwingine wanataka kusema: "Kama hauna kitu cha kuongeza, usiguse." Pale tuko pamoja nao.

Bonde la California

Angalia mufano mwingine wa watu wa makaa. Mu 1939, Richard Llewellyn alitoa kitabu How Green Was My Valley, juu ya jamaa ya wachimbaji mu Wales. Mu 1941, John Ford alifanya filamu yake, na ilipata Oscar 5, pamoja na ile ya filamu bora ya mwaka. Ni filamu nzuri, watu wanalia mupaka leo. Lakini vita ilikuwa inapiga Uingereza, kwa hiyo hawakuweza kuenda Wales. Walijenga kijiji na mugoti ku milima ya California, pembeni ya Malibu, na wachezaji wengi hawakuwa watu wa Wales.

Mu 1975, televizio ya BBC ilirudilia kile kitabu. Baba wa ile jamaa alichezwa na Stanley Baker. Yeye alizaliwa mu bonde la Rhondda, mule ndani ya Wales ya makaa, na baba yake muzazi alikuwa muchimbaji mwenye alikatika muguu mu aksida ya mugoti. Hatuseme kama ile ya BBC ilipita ya Ford kwa uzuri. Filamu ya Ford iko na nguvu yake, na hakuna mutu ataiondoa. Tunasema ya pili ilikuwa na haki ya kuwako, sababu ilileta kitu chenye ya kwanza haikuwa nacho: mutu mwenye ile vumbi iliingia mu nyumba ya wazazi wake.

Hapa kwetu tulishazoea

Na kwa kweli, sisi watu wa Katanga tungeshangaa kusikia kama kurudilia ni kosa. Uliza wazee wa Lubumbashi juu ya picha za kuchora zenye zilikuwa mu masalon miaka ya 1970. Moja iliitwa Colonie belge: mufungwa analala chini, polisi anamupiga fimbo, mukubwa muzungu anasimama kuangalia. Wachoraji wengi waliichora, na mumoja aliweza kuichora mara nyingi. Mu nyumba hii mulikuwa yake, mu nyumba ya jirani mulikuwa ingine. Hakuna mutu alisema: "Ya kwanza ilishatoka, muache." Kila jamaa ilitaka ile historia ku ukuta wake. Mamba muntu vilevile, ilichorwa mara ngapi?

Tshibumba Kanda Matulu, mumoja wa wale wachoraji, alichora historia ya inchi nzima, picha kwa picha. Mule muko na wafu wa Union Minière, wale wa Desemba 1941. Ile wakati, wafanyakazi weusi waliacha kazi juu ya mushahara, wakakusanyika ku uwanja wa mpira, hapa Élisabethville, na basoda wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa jina lao, alikufa pale. Soma Germinal, fika ku pahali basoda wanasimama mbele ya mugoti na watu wanatupa matofali, kiisha fikiri juu ya ule uwanja. Zola aliandika miaka zaidi ya 50 mbele yake, na hakujua Katanga.

Kwa hiyo tunajibu nini?

Irudiliwe, lakini kwa masharti tatu. Ya kwanza: mwenye kurudilia arudie ku kitabu, na ku watu wenye kitabu kinasema habari zao, kama vile Zola alishuka mbele ya kuandika. Ya pili: aseme waziwazi ni kitu gani cha wenzake wa mbele kilibaki inje. Mu Germinal, mama Maheu peke yake anaweza kubeba filamu nzima: namna gani anakopa mukate, namna gani mutoto wake Alzire anakufa na njaa, namna gani anaanza kwa kukataza greve na kumaliza akiitetea kuliko wanaume. Ya tatu: ile ya zamani isifichwe. Ibaki pembeni ya mupya, watu wapime wenyewe.

Na kuko kazi ingine, yenye haiombe feza za sinema. Siku ya yenga, kama watoto wanapata Germinal ku simu ao ku televizio, ya 1993 ao ya 2021, papa asitoke kuenda kuzungumuza inje. Akae. Mutu mwenye ameingia mu mugoti atajua mara moja pahali filamu inasema kweli na pahali inadanganya: namna miti inasimikwa, namna mutu anashika chombo mu nafasi ndogo, namna sauti inabadilika mbele udongo uanguke. Awaambie watoto. Mama naye awaambie ile feza ya mwisho wa mwezi ilikuwa inatosha siku ngapi, na ilikuwa inaishia kwa nani.

Siku moja mutu atakuja kufanya filamu juu ya uwanja wa 1941, ao juu ya mashimo ya kobalti ya leo. Atahitaji watu wenye wanaweza kumuambia, "Hapana, haikuwa vile." Na kama ya kwake haitatosha, mwingine aifanye tena.