Msafara wa Jeshi Unapopita Taa Nyekundu

Kwenye makutano ya barabara nchini Ujerumani, taa imeshageuka nyekundu, lakini malori ya jeshi yanaendelea kupita moja baada ya jingine. Dereva wa gari dogo aliyewakiwa na kijani anasubiri. Hakuna aliyevunja sheria. Lori la kwanza liliingia kwenye kijani, na kwa kifungu cha 27 cha kanuni za barabarani za nchi hiyo, StVO, msafara huhesabiwa kama gari moja: kichwa kikishapita, mkia unafuata. Kuchomekea katikati yake ni kosa.

Ila dereva huyo lazima aweze kuutambua msafara. Ndiyo maana kila gari hubeba bendera ya buluu mbele kushoto, taa zikiwa zimewashwa mchana kweupe, na la mwisho hubeba ya kijani. Likishapita hilo, ni zamu ya wengine. Kifungu hichohicho kinautaka msafara uache mapengo ya kutosha ili wengine wapate kukatiza, na mkuu wa msafara ndiye anayebeba dhamana kanuni zisipofuatwa. Magari yakizidi 30, kwa kawaida kibali kinahitajika.

Kifungu cha 35 kinakwenda mbali zaidi. Jeshi, pamoja na polisi, zimamoto na forodha, wamesamehewa kanuni za StVO pale kazi ya dola inapolazimu kwa dharura. Ni ruhusa kubwa, na ingetisha kama isingefungwa na aya ya 8: itumike tu kwa kuujali ipasavyo usalama wa umma. Askari mwenye lori la namba inayoanza na herufi Y, anayekwenda kuchukua vipuri, hana dharura yoyote. Akikuta taa nyekundu anasimama kama dereva mwingine yeyote. Akimgonga mtu kwa uzembe, serikali ya shirikisho, ambayo haibanwi na sheria ya bima ya lazima, hulipa fidia yenyewe.

Majeshi ya nchi nyingine za NATO nayo yanapata msamaha pakiwa na mahitaji ya haraka ya kijeshi. Kwa askari wageni, hata hivyo, swali zito si taa wala mwendo. Ni nani atakayewahukumu wakiua.

Korea Kusini ililijua hilo kwa uchungu. Tarehe 13 Juni 2002, katika barabara nyembamba ya Yangju, gari la deraya la jeshi la Marekani liliwakanyaga wasichana wawili wa miaka 14 waliokuwa wakitembea pembeni. Dereva hakuweza kuona vizuri upande wa kulia. Kamanda wa gari, aliyepaswa kuwa jicho lake, aliwaona watoto, lakini onyo lake halikumfikia dereva kwa wakati.

Kwa mkataba kati ya nchi hizo mbili, askari akitenda kosa akiwa kazini, Marekani ndiyo yenye haki ya kwanza ya kumshtaki. Seoul iliomba ikabidhiwe kesi, ikakataliwa. Novemba mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi ya Marekani iliwaachia huru wote wawili, dereva na kamanda. Wakorea kwa maelfu walijaa barabarani wakidai mkataba wenyewe ubadilishwe, na walikuwa na haki: vifo viwili vya watoto viliishia bila mtu yeyote kutiwa hatiani.