Mteja mwone kwenye simu, lakini mahindi yaguse kwa mkono

JE, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipokutana na mteja mpya ana kwa ana, mkashikana mikono na kuketi pamoja? Ikiwa unafanya biashara Busia au Malaba, huenda ukahitaji kufikiri kidogo kabla ya kujibu. Wakala wa forodha anayemtafuta mwenye mzigo wa kwenda Kampala, mwuzaji wa nafaka anayemsaka mwenye kinu wa Kisumu au Nairobi, hata mwenye ghala la kukodisha, siku hizi wanaweza kuanza mazungumzo kwa simu ya video. Mteja anauona uso wako, nawe unauona wake, na hakuna aliyepanda gari.

Mtindo huu unaokoa nauli na muda. Lakini ukurasa huu ni wa afya, na swali letu ni jingine. Je, mwili wako unafaidika au unaumia? Na yule mama atakayewapikia watoto wake ugali wa mahindi mliyopatana kwa simu, naye amelindwa?

Jibu fupi ni hili: simu ya video inafaa sana kwa kumjua mtu. Haifai hata kidogo kwa kuikagua nafaka. Tueleze moja baada ya jingine.

Mpaka na maradhi

Busia na Malaba, miji iliyo umbali wa takriban kilomita 30 kutoka mmoja hadi mwingine, ni njia panda ya Afrika Mashariki. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 900 kufika huko, kisha yakaendelea hadi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Inasimuliwa kwamba hata jina boda boda lilizaliwa Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Mahali kama hapo si pachafu kuliko pengine, ila watu wengi wa kutoka mbali hukutana hapo, na maradhi husafiri pamoja na watu.

Wakazi wa huko hawahitaji kukumbushwa mwaka wa 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19 tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi huo kwisha Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake kwa abiria. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini madereva walitakiwa kupimwa kwanza. Maabara ya KEMRI iliyoko Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, ilikuwa miongoni mwa zilizopima sampuli hizo. Foleni ya malori Malaba ilinyooka kwa makumi ya kilomita. Kwa mfanyabiashara wa wakati huo, kuonana kwa simu hakukuwa anasa. Kulikuwa njia ya kuendelea kula.

Covid-19 haikuwa ya mwisho. Uganda ilipambana na Ebola kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, na tena kati ya Januari na Aprili 2025. Kenya nayo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox tarehe 31 Julai 2024, msafiri aliyepitia mpaka wa Taveta.

Ni muhimu ujue jinsi maradhi haya yanavyotofautiana. Covid-19, mafua na kifua kikuu huenea kwa hewa, hasa katika chumba kidogo kisicho na madirisha ya kutosha. Ebola huenea kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mtu aliye mgonjwa au aliyefariki. Mpox huenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mtu mwenye vipele vya ugonjwa huo. Kila mkutano unaoweza kufanywa kwa simu hupunguza nafasi za kuambukizwa, na pia huondoa safari moja barabarani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza na ni kubwa.

Lakini usiitumie simu kama maficho. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, kisha akaendelea kuwahudumia wateja kwa video bila kwenda hospitali, anajidanganya. Aende apimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali humu nchini.

Kwa nini simu ya video huchosha

Wengi hushangaa: “Nimeketi tu, mbona nimechoka hivi?” Jeremy Bailenson, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza sababu nne katika makala yake ya mwaka 2021. Kwanza, uso wa mtu mwingine huwa karibu mno, na macho yake yanakukazia muda wote kama mtu anayekusimamia. Pili, unajiona mwenyewe kwenye kioo cha simu, ukawa unajikagua bila kujua. Tatu, hutikisiki, kwa sababu ukisogea utatoka kwenye picha. Nne, akili hufanya kazi ya ziada kusoma ishara ambazo ana kwa ana zingeeleweka zenyewe: kutikisa kichwa, kuvuta pumzi, kugeuza macho.

Mazungumzo na mteja mpya huzidisha uchovu huo, kwa kuwa hamjuani na kila mmoja anampima mwenzake. Hapo mpakani kuna la ziada. Simu yaweza kuuacha mtandao wa Kenya na kushika wa Uganda, sauti ikakatika, nawe ukaanza kupiga kelele na kurudia maneno. Ingia katika mipangilio ya simu na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiacha simu ichague.

Dawa ya uchovu huu haina gharama. Salimianeni kwa video kama ilivyo desturi, muulizane habari za nyumbani, mwonane sura. Mkishaingia katika bei na hesabu, zimeni picha mzungumze kwa sauti pekee. Si utovu wa adabu ukiomba radhi: “Mzee wangu, niruhusu nizime picha nipate kuandika vizuri.” Ficha pia ile picha yako mwenyewe ikiwa simu inaruhusu. Na baina ya mteja mmoja na mwingine, pumzika angalau dakika kumi.

Macho, shingo na masikio

Binadamu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikazia kioo cha simu, idadi hiyo hushuka sana, na macho hukauka, yakawasha na kuona ukungu. Madaktari wa macho hushauri hivi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Ukiwa Malaba, lori lililoegeshwa ng'ambo ya barabara latosha.

Shingo nayo ina hesabu yake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo tano. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikadiria kwamba ukiinama kwa nyuzi 60 kutazama simu, uti wa shingo hubeba mzigo wa kama kilo 27, yaani zaidi ya nusu gunia la saruji. Kwa hiyo usiishike simu mapajani. Iegemeze kwenye rundo la vitabu hadi ifike usawa wa macho yako.

Masikio ndiyo yanayosahaulika kabisa. Kando ya barabara yenye trela zinazonguruma, mtu huongeza sauti ya simu ili asikie. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa hadi saa 40 kwa wiki bila madhara, lakini ikifika desibeli 90 muda salama ni saa nne tu kwa wiki. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayarudi yalivyokuwa. Tafuta chumba cha ndani, funga dirisha la upande wa barabara, na uache lile la nyuma wazi ili hewa ipite.

Tena, usipokee simu ya video ukiwa unaendesha gari au pikipiki, wala ukiwa umebebwa na boda boda. Mteja wa kweli atasubiri.

Mwisho, kumbuka kwamba safari ulizoacha kwenda zilikuwa mazoezi. Shirika hilo hilo linapendekeza watu wazima watembee kwa kasi, au wafanye kazi ya mwili ya kiasi, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ikiwa huvuki tena mpaka kwa miguu, tembea nusu saa asubuhi, siku tano kwa wiki.

Kile ambacho simu haiwezi kuonyesha

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Mteja mpya anapokuomba umwonyeshe mahindi au njugu kwa video, unamwonyesha gunia lililofunguliwa mdomo. Punje zinang'aa. Anaridhika, anatuma pesa. Lakini sumukuvu haionekani kwenye simu. Hata kwa macho ya mtu aliyesimama ghalani mara nyingi haionekani.

Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Ikiwa nyingi huua kwa muda mfupi kwa kuharibu ini. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini. Kuchemsha na kusonga ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika sehemu za Makueni, Kitui na majirani zake, na 125 kati yao wakafariki. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha siku chache baadaye ikauruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Kwa hiyo, uwe unauza au unanunua, video iwe mlango tu wa biashara. Baada ya hapo, mtu aende ghalani. Achome magunia kwa bambo, katikati na chini, si juu peke yake, kwa magunia mengi tofauti. Apime unyevu kwa kipima unyevu: usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima anaweza kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, akatikisa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isipogandamana, bado si ruhusa ya mwisho, maana yaweza kuwa kati ya 13.5 na 15. Na hata mahindi makavu yaweza kuwa yalishaota ukungu zamani, kisha yakaanikwa. Ndiyo sababu cheti cha maabara hakina mbadala. Kitazame chenyewe, ulinganishe nambari yake na ya shehena, usitosheke na picha iliyotumwa kwa simu.

Mteja akikuambia, “Ndugu yangu, tumeonana kwenye video, cheti cha nini tena?”, mjibu kwa upole kwamba video imekuonyesha uso wake na umefurahi, lakini ini la mlaji halikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Akikasirika na kuondoka, amekupunguzia hasara.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Yatumie mazungumzo ya video kujikinga na safari, misongamano na maambukizi yasiyo ya lazima. Pumzisha macho, nyoosha shingo, punguza sauti. Lakini kitakachoingia sufuriani mwa watu kipimwe kabla hujatuma wala kupokea pesa.